Kivuko Hulala Kisiwani

Nina wivu. Nalisema mapema ili msomaji asije akanitafutia jina zuri zaidi huko mbele. Wenzangu wa kwaya husema ni upendo uliozidi kipimo, na mchungaji wetu aliwahi kuuita moyo wa kulinda. Lakini mimi ni fundi cherehani, nimezoea kukiita kitambaa kwa jina lake. Ni wivu, na kwa miaka kumi na mmoja niliuelekeza kwenye chombo cha chuma kinachovusha watu kutoka mwaloni, ufuko wa wavuvi kule Muleba, kwenda kisiwa cha Bumbire, kwa sababu mume wangu ndiye aliyekuwa nahodha wake.

Sisi tunaishi Kibeta, mjini Bukoba, na duka langu la kushonea liko Miembeni. Yeye alikuwa akikaa kazini wiki mbili na nyumbani wiki moja. Katika wiki zile mbili kivuko hakikulala upande wetu. Kililala kisiwani, ili asubuhi kama kuna mgonjwa au mama anayetaka kujifungua avushwe kwanza, kabla ya samaki. Utaratibu mzuri kabisa, hata mimi ningeupanga hivyohivyo kama nisingekuwa mke wa mtu. Lakini ukishaambiwa kwamba mumeo analala kisiwani wiki mbili kwa ajili ya akina mama wajawazito, unaitikia vizuri, halafu unakwenda kufua shati lake huku unalinusa.

Kwenye kunusa sikupata kitu zaidi ya dizeli na dagaa. Nilichopata ni kifungo.

Shati lile la sare nilimshonea mwenyewe, la bluu mpauko, na vifungo vyake nilivitia mwenyewe kwa uzi wa bluu. Siku hiyo nikiwa nalianika nikaona kifungo cha pili kutoka juu kimeshonwa kwa uzi wa kijani, mnene, ule wa kutengenezea nyavu. Nililishusha kambani nikakaa nalo kwenye kizingiti cha jiko. Mke wa mwalimu akikuta mumewe ameandikiwa barua na mtu mwingine atajisikiaje? Basi mimi nilijisikia vibaya zaidi, maana barua mtu anaweza kuandikiwa na yeyote, lakini kifungo cha pili kutoka juu kinakaa kifuani. Kukishona, ama shati livuliwe, ama mshonaji asogee karibu sana na mwenye shati.

Sikusema neno. Yeye naye hakusema neno, lakini hilo halikuwa jambo geni. Nyumbani mume wangu alikuwa mtu wa maneno matatu: ndiyo, hapana, na tutaona. Alikuwa akifika anasalimia, anaoga, anakula ebitoke, ndizi zake za kupikwa, anaingia kibanjani kukata majani makavu ya migomba, na ikifika Jumapili anakwenda misa ya kwanza kwao Wakatoliki wakati mimi nakwenda kwetu Walutheri. Ukimuuliza ziwa lilikuwaje, atakuambia lipo. Mtoto wetu kabla hajaenda bweni aliwahi kuniuliza kama baba anaumwa koo. Nami nilikwisha kuzoea, nikajiambia nimeolewa na mtu mpole asiye na maneno, na wako wanawake wangapi wanaotamani mume wa aina hiyo.

Mwezi ule wa kifungo kulikuwa na jambo jingine kubwa. Ofisi ya mjini ilikuwa imepata nafasi: mtu wa kupanga safari za vyombo, kukaa mezani, kuingia saa mbili na kutoka saa tisa, kulala kwake kila siku. Wakubwa walimwandikia yeye kwanza, kwa kuwa alikuwa na miaka mingi kazini na hakuwahi kupata ajali. Alitakiwa ajibu kabla ya mwisho wa mwezi. Niliitaka nafasi ile kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Nilikwisha hata kupanga upande gani wa chumba tutaweka meza yake. Nilipomuuliza atajibu nini, akasema tutaona.

Sasa weka hiyo "tutaona" kando ya uzi wa kijani, uone kama wewe ungelala. Hesabu yangu ilikuwa fupi: hataki kurudi nyumbani kwa sababu kuna mtu kule. Tena huyo mtu hajui hata kushona, anakaza uzi wa nyavu kwenye shati la watu. Hilo la kutojua kushona ndilo lililoniuma zaidi, sijui kwa nini.

Bahati nilikuwa na kisingizio. Shule moja ya kisiwani huniagiza sare kila mwaka, na kwa kawaida mwalimu mkuu hutuma mtu azichukue dukani. Nikampigia nikamwambia safari hii asisumbuke, nitazileta mwenyewe. Akashangaa, akashukuru. Mume wangu alikuwa amerudi kazini siku nne kabla, na sikumwambia. Nilivaa gauni la kitenge nililolishona kwa ajili ya Pasaka, nikasuka nywele upya, nikapaka na mafuta ya kunukia, kwa safari ya kupeleka kaptula za wanafunzi.

Lazima niseme kwamba sikuwa nimewahi kupanda chombo cha majini. Nimezaliwa Bukoba, ziwa naliona kila siku nikishuka kwenda dukani, lakini mtu wa Bukoba wa umri wangu, anayekumbuka meli iliyozama na watu wetu, hahitaji kuulizwa kwa nini anapenda kusafiri kwa basi. Niliolewa na nahodha huku nikitetemeka, na niliendelea kutetemeka kwa miaka kumi na mmoja. Siku ile wivu ulinisaidia, haukuniachia nafasi ya kuogopa. Nilishuka Muleba, nikachukua bodaboda hadi mwaloni na mizigo yangu miwili, nikasimama nyuma ya kibanda cha mama muuza chai ili nitazame kabla ya kutazamwa.

Nikamwona. Kwanza nilimsikia.

Alikuwa amesimama kwenye ule mlango wa mbele wa kivuko, ule unaoshushwa ufukweni watu na magari wapite juu yake, na alikuwa anasema. Anasema! Kwa sauti ya juu, ya kutoka tumboni, sauti ambayo sikuwahi kuisikia hata siku ya harusi yetu. "Pikipiki kushoto, zifuatane! Barafu katikati! Bwana mwenye mabati, hayo yalaze, ukiyasimamisha upepo utayafanya tanga na tutafika Uganda bila pasi." Watu wakacheka. Akamgeukia mwanamke mmoja mnene, mfanyabiashara wa sukari, aliyekuwa anakaa juu ya magunia yake upande wa kulia. "Mama, wewe na sukari yako msikae upande mmoja. Nikupoteze wewe au niipoteze sukari, bado kisiwani watanifukuza." Yule mama akaangua kicheko, akamchapa begani na khanga yake, akahamia kushoto.

Nilihesabu mara alizomchapa. Ilikuwa moja, lakini ilinitosha.

Nikaendelea kutazama. Kila aliyepanda alikuwa na neno lake. Huyu aliulizwa mguu umeponaje, yule kama ng'ombe alizaa salama. Mzee mmoja alimkabidhi bahasha ya dawa ampe binti yake ng'ambo, akaipokea kwa mikono miwili akaitia mfuko wa shati, chini ya kile kifungo. Nilikuja nikiwa tayari kumkuta na mwanamke. Sikuwa tayari kumkuta na watu sitini, wote akizungumza nao.

Alipogeuka akaniona. Sura yake ilikunjuka, halafu ikakunjana, halafu ikawa ile ya nyumbani. "Karibu, Mama," akasema. Nikamjibu kwamba naleta sare. Akatazama gauni langu la Pasaka, akatazama zile kaptula, akasema, "Ndiyo." Kisha akachukua jaketi la kuokolea kwenye kreti na kuninyooshea mbele ya watu wote. Nikasema sitaki, litanikunjia gauni. "Kwenye chombo hiki hakuna mke wa nahodha," akasema, bila hasira. "Kuna abiria." Akanivisha mwenyewe, akakaza mikanda, akaenda zake kupanda chumba cha usukani.

Nilikaa nimefura kama chapati. Kivuko kikaondoka, ufuko ukaanza kurudi nyuma, nami kwa kutotaka kutazama maji nikainamisha macho kifuani. Hapo nikaona mkanda wa jaketi langu umeshonwa kwa uzi wa kijani. Nikatazama la jirani yangu: kijani. La yule mama wa sukari: kijani pia.

Nikamwita baharia, mtu mzima mwenye mvi, aliyekuwa anakaza kamba karibu yangu. "Shemeji, haya nani anashona?"

"Nahodha mwenyewe," akasema. "Mikanda inakatika kila mara, na jaketi bovu hatuvushi nalo mtu. Kila Jumapili mchana anakaa pale nyuma na sindano yake anayapitia yote. Sisi hata tukichanika suruali tunampelekea yeye."

"Nani alimfundisha?"

Akanitazama kana kwamba namtania. "Si anasema alikuwa anakutazama wewe?"

Nikaugeuza mkanda nitazame mwisho wa uzi. Mimi nikimaliza kushona huzungusha uzi kwenye shingo ya mshono mara tatu, kisha huipitisha sindano chini mara mbili, mara ya pili kwa mshazari. Alinifundisha hivyo marehemu mama yangu na sijamwona fundi mwingine Bukoba nzima anayefanya hivyo. Mkanda ule ulikuwa umezungushwa mara tatu, ukapitishwa mara mbili, ya pili kwa mshazari. Na kifungo kile nilikishika mikononi nusu saa nzima kwenye kizingiti cha jiko! Fundi wa miaka ishirini, nikatazama rangi ya uzi, nikasahau kutazama mkono.

Ningetakiwa kufurahi, na kwa kweli nilifurahi, kwa muda wa kutosha kuvuta pumzi mbili. Kisha nikajiuliza: mume wa fundi ana majaketi sitini mabovu, na mke ana cherehani mbili na msaidizi. Kwa nini hakuniletea mimi?

Katikati ya ziwa upepo wa kusini ulianza kusukuma ubavu wa chombo. Baharia akaja kuniambia Nahodha ameniita juu. Chumba cha usukani ni kidogo, kina dirisha pande zote, na ngazi yake ilikuwa imejaa abiria waliokaa vidatoni wakimsikiliza. Walinipisha. Yeye hakunitazama. Alikuwa ameshika usukani kwa mkono mmoja, mwingine uko juu ya mkono wa injini, na macho yamekazwa kisiwani, kwenye paa la kanisa na mti mrefu ulio nyuma yake. Nilikuja kuelewa kwamba vitu hivyo viwili vikisimama pamoja uko kwenye njia salama, vikiachana kuna miamba. Upepo ulikuwa unavitenganisha, yeye anavirudisha. Mikono yake ilikuwa inafanya kazi hiyo peke yake, na mdomo ulikuwa unasimulia.

Alikuwa anamalizia kisa. "Basi akachukua tepu, akampima upya mbele ya foleni nzima, akasoma kiuno kwa sauti kama mtu anayetangaza matokeo ya uchaguzi. Akamwambia, suruali haijapungua, bwana, wewe ndiye umeongezeka."

Ngazi nzima ikacheka. Ilikuwa habari yangu. Nilimfanyia hivyo mteja mmoja mbishi, miaka mitatu nyuma, na nilimhadithia mume wangu jioni ile akila. Alisema "ndiyo", akaomba chumvi.

"Kumbe ndiye huyu!" mtu mmoja akasema akinitazama, na wote wakageuka. Walinijua. Walijua kwamba huwa nazungumza na cherehani yangu ikikata uzi. Walijua kwamba siku za mazoezi ya kwaya wali wangu huungua. Mama wa sukari akaniuliza mtoto amefanyaje mtihani wa hesabu, maana muhula uliopita ulimsumbua. Watu ambao sikuwahi kuwaona walikuwa wameishi nyumbani kwangu miaka yote, wanakula, wanacheka, wanajua kila kona. Na mimi mwenye nyumba sikuwahi kuletewa hata habari moja yao. Niliwachukia wote. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: niliwatazama wale watu wema wakinichekea kwa upendo, nikawachukia.

Tulipofika, alikitia kivuko ufukweni kwa mara moja, pole pole, mlango ukalala juu ya mchanga bila kishindo. Bibi mmoja mzee alikuwa anasubiri na kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, ile ambayo kwetu mgeni hakosi kupewa. Alimpa mume wangu kwanza, punje kadhaa kiganjani, akamwambia, "Wakola, waitu," kumshukuru kwa kazi, naye akainama kupokea kama mbele ya mama yake. Kisha bibi akanigeukia na kunitazama kutoka nywele mpaka viatu.

"Huyu ndiye mukamwana wangu," akasema, akimaanisha mke wa mwanawe. Akanitilia kahawa mkononi, akanifunga vidole. "Usiwe na hofu, mwanangu. Mumeo tunakutunzia."

Ni kweli, walinitunzia, tena vizuri sana. Nilitafuna ile kahawa na ilikuwa chungu.

Sare nilizikabidhi hapohapo kwa mwalimu mkuu, sikutaka hata kunywa chai. Safari ya kurudi ilikuwa na samaki wengi na watu wachache, na ngazi ya chumba cha usukani ilikuwa tupu. Nikapanda, nikafunga mlango.

"Kwa nini hunisimulii?" nikamuuliza. "Hawa unawasimulia mimi. Mbona mimi hunisimulii wao?"

"Ulinikataza."

"Nilikukataza lini?"

"Mwaka ule tulipooana. Nilikuwa nakuhadithia kila nikirudi. Siku moja nikakuhadithia upepo uliotuzungusha tukiwa na ng'ombe, ukalia. Ukasema habari za kivuko ziishie mlangoni pamoja na viatu, wewe hutaki kusikia maji ndani ya nyumba yako." Akageuza usukani kidogo. "Nikaona kazi yangu yote ni maji. Nikiyatoa hayo sina cha kusema."

Nilikuwa nimesahau. Naapa nilikuwa nimesahau kabisa. Nilisema neno moja la woga nikiwa bibi harusi wa miezi mitatu, yeye akalishika miaka kumi na mmoja jinsi anavyoshika ile njia ya paa na mti. Mtu wa namna gani hulichukua neno la mkewe hivyo? Wanaume wengine husahau hata siku ya kuzaliwa mtoto.

Kisha akafungua mfuko, akanionyesha bahasha nyingine. "Nilitaka nikuambie nikija nyumbani. Nimewajibu wa ofisini. Nimekubali."

Barua ilikuwa haijatumwa. Angeikabidhi kwa gari la samaki jioni ile, ifike mjini kesho yake. Aliishika ili niione, macho yake yakiwa mbele.

"Unaitaka kazi hiyo?" nikauliza.

"Unaitaka wewe." Akasema hivyo bila kulalamika. "Ila ujue jambo moja. Sisi nahodha akishakabidhi usukani, hakanyagi chombo kile mwaka mzima, hata kama abiria. Akikanyaga, mabaharia watamtazama yeye badala ya mwenzake, na siku ya upepo watamsubiri yeye aseme. Ni mwiko. Kwa hiyo nikishuka, nimeshuka."

Alikuwa ananipa nafasi. Hata mtu mjinga angeiona. Zilikuwa zimebaki kama dakika arobaini kufika bara, na nilichotakiwa kusema ni neno moja tu, usiipeleke. Nilikuwa nimeshamwona alivyo kule. Nilijua anakwenda kuacha nini. Nikamfikiria yule mama na khanga yake, yule bibi na kahawa yake, ile ngazi iliyojaa watu wanaocheka visa vya nyumba yangu. Nikafikiria kwamba hata huo mwiko wao ni mzuri, mwaka mzima hawatamwona. Nikatazama nje ya dirisha mpaka tukafika. Akanitazama mara mbili, najua, niliona kwa pembe ya jicho. Tulipoteremka akampa dereva wa gari la samaki ile bahasha.

Basi nilimpata. Sasa ana meza ofisini mjini, anaingia saa mbili, anatoka saa tisa. Kila siku ananipitia Miembeni tunapanda pamoja Kibeta. Majirani wananipongeza. Na mimi nilijitahidi, msidhani sikujitahidi. Wiki ya kwanza nilimtengea chakula, nikakaa mbele yake, nikamwambia lile katazo nimelifuta, anisimulie sasa habari za kivuko, zote, hata za upepo. Aliweka kijiko chini akafikiri kwa muda mrefu, kwa nia njema kabisa. "Sijui nianzie wapi," akasema. "Zilikuwa zinakuja zenyewe nikiwa nimeshika usukani." Akaendelea kula.

Simu ya kazi, ambayo kisiwa kizima kilikuwa na namba yake, ilibaki na nahodha mpya. Ofisi yake hawaijui iliko. Lakini duka langu wanalijua. Alikwisha kuwasimulia kila kitu kulihusu, rangi ya mlango, mashine mbili, hata jirani muuza viatu, kwa hiyo mtu wa Bumbire akishuka Bukoba kwa shughuli zake hahitaji kuuliza njia.

Wa kwanza alikuwa mama wa sukari. Aliingia akipaza sauti, akanikumbatia, akaniachia mfuko wa dagaa. "Mwambie Nahodha tunamsalimu. Huyu mpya anajua kuendesha, lakini hasemi kitu, tunavuka kama tunakwenda mazishini. Anaendeleaje?" Nikasema anaendelea vizuri, anapumzika. Akauliza atampata wapi angalau amwone. Nikasema amesafiri.

Lilitoka mdomoni kabla sijalipanga. Amesafiri. Alikuwa ofisini kwake, mwendo wa dakika kumi kwa miguu.

Jioni ile nilipika wale dagaa, nikamwambia nimewanunua sokoni. Alionja akaacha kutafuna. "Hawa wa Bumbire," akasema. "Wamekaushwa juu ya mwamba, hawana mchanga." Nikamwambia soko lina kila kitu siku hizi.

Baada yake alikuja yule baharia mwenye mvi. Baada ya baharia, mwalimu mkuu. Baada ya mwalimu mkuu, mjukuu wa yule bibi, aliyetumwa kutoka kisiwani na kahawa iliyofungwa kwenye jani la mgomba. Bibi alikuwa ameanza kuugua, na alitaka mwanawe ajue kwamba anamkumbuka. Salamu zote nimezipokea kwa mikono miwili. Nimeshukuru, nimewapa soda, nimewasindikiza hadi kituoni. Hakuna hata moja niliyoifikisha. Kila mara najiambia leo nitamwambia, na kila mara akiingia dukani saa tisa na dakika chache, na shati lake la ofisini, wangu peke yangu, nafunga mdomo.

Yeye hawezi kwenda kwao, mwaka haujaisha. Anangoja waje wao. Mwanzoni aliniuliza kila siku, kwa ile sauti yake ndogo, huku akinisaidia kufunika mashine, "Leo hakuna aliyekuja kuniulizia?" Nami nikamjibu hakuna. Baadaye akawa anauliza mara moja kwa wiki.

Wiki iliyopita hakuuliza. Tulikuwa tunapanda kilima cha Kibeta, amebeba mfuko wangu wa vitambaa, akasema tu, bila kunitazama, "Watu husahau upesi, Mama."

"Ndivyo walivyo," nikamwambia, nikamshika mkono.